Dashibodi Inayonata: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kusafisha na Kutunza Ndani ya Gari

## Usuli

Gari linalozungumziwa hapa ni la familia, la viti vitano, na lilikuwa na umri wa miaka saba lilipoletwa kwetu. Aina yake, rangi yake ya nje na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwenyewe vimeondolewa, naye ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Ndani, viti vyote vilikuwa vya ngozi ya rangi ya maziwa, usukani ulikuwa umevishwa ngozi nyeusi, dashibodi ilikuwa ya plastiki laini nyeusi iliyobandikwa juu ya sponji, na sehemu za chini za milango zilikuwa za plastiki ngumu. Sakafu ilikuwa na zulia ambalo chini yake kuna felti nene ya kuzuia kelele. Kila siku ya kazi gari liliegeshwa juani kwa saa nane au tisa, kioo cha mbele kikielekea jua la mchana, bila kizuizi chochote cha jua.

Mwenye gari hakuwa mzembe. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu wengi hudhani kwamba gari lililochakaa ndani ni lazima liwe gari lisilosafishwa. Huyu alilisafisha kila mwisho wa juma kwa miaka miwili mfululizo, na utaratibu wake haukubadilika: alikung'uta mazulia ya miguu, akapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha akanyunyiza polishi ya dashibodi kila mahali, kuanzia dashibodi yenyewe, milango, viti na usukani hadi raba za milango, akasugua mpaka kila kitu king'ae.

Alikuja na malalamiko manne. La kwanza ni kwamba mchana dashibodi ilijitupa kwenye kioo cha mbele kama kwenye maji tulivu, hata barabara ikawa ngumu kuonekana. La pili ni utando wa mafuta ndani ya kioo hicho, uliorudi siku chache tu baada ya kufutwa. La tatu ni kiti cha dereva, ambacho ukingo wake wa upande wa mlango ulikuwa umegeuka kutoka rangi ya maziwa hadi kijivu kinachokaribia weusi. La nne, ambalo ndilo lililomleta hasa, ni harufu: wiki tatu kabla, chupa ya maziwa ilimwagika nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, naye akamwagia siki, kisha magadi soda, kisha maji, na mwisho akatundika manukato.

"Fundi, kila nikipangusa, siku ya tatu vumbi limerudi, tena limeganda," alisema, akipitisha kiganja juu ya dashibodi na kutuonyesha.

## Tulichokikuta

Asubuhi ya kwanza hatukugusa dawa yoyote. Tulianza kwa tochi, kitambaa cheupe na vidole. Kidole kilichopitishwa juu ya dashibodi kiliacha mstari unaoonekana, na kilipoinuliwa kilibanduka kwa mvuto mdogo, kama kinavyobanduka kwenye gundi iliyoanza kukauka. Kitambaa kilichotiwa maji matupu kilipita na kurudi karibu cheupe vilevile, huku maji yakijikusanya matone na kuteleza nyuma yake. Kitambaa hicho kilipoongezwa matone mawili ya sabuni laini, kilirudi na uji wa kijivu. Tofauti ya mipito hiyo miwili ndiyo iliyotupa jibu: kilichokuwa juu ya dashibodi hakikuwa vumbi wala jasho, kilikuwa tabaka la silikoni, yaani mafuta yanayoipa polishi mng'ao wake, la miaka miwili lililoshikilia vumbi la kila juma, na kila polishi mpya ilikuwa imepakwa juu ya uchafu wa polishi iliyotangulia.

Karibu na tundu la hewa la katikati kulikuwa na ufa wa sentimita nne. Saa saba mchana, gari likiwa limefungwa juani, kipimajoto cha mionzi kilisoma nyuzi 74 za Selsiasi juu ya dashibodi.

Viti tulivipima kwa tone la maji. Tuliliweka kwenye kiegemeo cha kiti cha nyuma, likakaa juu kama shanga bila kuingia wala kuacha alama. Hiyo ndiyo tabia ya ngozi nyingi za magari ya siku hizi, ambazo kiwandani hupakwa rangi kisha hufunikwa kwa utando wa polyuretani, aina ya plastiki, usio na rangi. Anayeishika ngozi ya namna hiyo huwa anashika utando huo, mwembamba mno, sehemu ndogo tu ya milimita, na chochote kinachoitwa chakula cha ngozi hubaki juu yake.

Usukani uling'aa upande wa juu, mahali mikono hukaa. Ndani ya mishono yake kulikuwa na uchafu laini wa kijivu uliotoka kwa kijiti cha meno kama nta. Mwenye gari alisema kwamba hutumia dawa ya kutakasa mikono kila anapoingia garini, na spiriti iliyomo, pamoja na mafuta ya mikono, huulainisha utando wa ngozi kidogo kidogo.

Mwisho tulifunua zulia nyuma ya kiti cha abiria. Juu lilikuwa kavu na gumu, nyuzi zimeshikana. Chini, felti ilikuwa imelowa. Tulipoikamua pembe yake, kilichotoka kilikuwa cheupe chenye madonge madogo, na harufu yake ilitufanya tufungue milango yote minne.

## Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoongeza kitu. Gari hili lilikuwa limepakwa vya kutosha, na kila kinga mpya ambayo tungeipaka siku hiyo ingeshika tabaka la polishi badala ya kuishika plastiki. Tulikubaliana na mwenye gari kwamba siku mbili za mwanzo zingekuwa za kuondoa tu.

Uamuzi wa pili ulihusu mpangilio. Kwa kawaida usafi wa ndani huanza juu na kushuka, kutoka dari hadi sakafu, ili kinachodondoka kiokotwe mwisho. Hapa tuliuvunja utaratibu huo. Felti iliyolowa huchukua muda mrefu zaidi kukauka kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari, na kama tungeiacha mwisho tungemrudishia mtu gari lililofungwa na unyevu ndani yake, jambo ambalo ni mwaliko kwa kuvu. Kwa hiyo tulifyonza vumbi la gari zima kwanza, kisha tukaenda moja kwa moja sakafuni, tukiwa tumeshajua kwamba sakafu ingefyonzwa tena.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukitoa kiti cha abiria wa mbele badala ya kufanya kazi kwa kuinama pembeni yake. Hili si jambo la kufanya kwa pupa. Chini ya kiti hupita nyaya za mfuko wa hewa wa pembeni, ambazo kwa kawaida hutambulika kwa plagi zake za njano, na za kihisi kinachotambua kama kuna mtu ameketi. Tulitenganisha waya hasi wa betri, tukasubiri muda ulioelekezwa katika kitabu cha gari, ndipo tukachomoa plagi. Hatukuwasha swichi ya gari hata mara moja mpaka kiti kiliporudishwa na plagi zote kushika, kwa sababu kuiwasha wakati plagi ya mfuko wa hewa imechomolewa huwasha taa ya onyo, ambayo mara nyingi baadaye hudai kompyuta ya uchunguzi ili izimike.

Mwenye gari alipendekeza mashine ya ozoni, ambayo alikuwa amesikia kwamba inamaliza harufu yoyote. Tulikataa. Ozoni inaweza kuvunja harufu iliyoko hewani, lakini haiondoi maziwa yaliyomo ndani ya felti, na maziwa yakibaki harufu hurudi. Zaidi ya hayo, gesi hiyo hushambulia raba na ni hatari kwa mapafu.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kuchagua dawa. Silikoni hutoka upesi kwa kiyeyusho kikali kama thina au petroli, lakini viyeyusho hivyo huingia ndani ya plastiki laini na kuvuta nje vilainisho vyake, yaani kemikali zinazoifanya plastiki ya PVC iwe laini badala ya kuwa ngumu na kukatika. Tulichagua njia ya polepole: dawa ya kusafishia yenye pH ya katikati, yaani isiyo tindikali wala alkali, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, kwa mipito mingi. Kwa ngozi tuliandaa dawa mbili, na mojawapo tutairudia hapa chini kwa sababu ilitugharimu.

## Kazi ilivyokwenda

Kabla ya dawa yoyote, zulia na felti vilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu. Siki ilikuwa imefanya kitu ambacho mwenye gari hakukikusudia: maziwa yakishuka hadi pH ya takriban 4.6, protini yake kuu huganda, na siki ina ukali wa kutosha kuifikisha hapo. Maziwa ambayo siku ya kwanza yangefyonzwa kwa taulo yaligeuka jibini ndani ya nyuzi za felti. Magadi soda yaliyofuata yalikutana na siki, yakatoa povu na kubaki chumvi, na chumvi hiyo ndiyo iliyolifanya zulia liwe gumu. Povu lile huwafurahisha watu kwa sababu huonekana kama kazi inafanyika, kumbe dawa mbili zinamalizana zenyewe kwa zenyewe.

Baada ya kusuuza, tulimimina dawa ya vimeng'enya vinavyovunja protini na mafuta, tukaitosa felti kwa kina kilekile ambacho maziwa yalifika, tukafunika kwa karatasi ya nailoni ili isikauke, tukaiacha kwa saa sita. Vimeng'enya havifanyi kazi pakavu, na haviwezi kuharakishwa kwa maji yanayochemka, ambayo huviua na papo hapo huigandisha protini iliyobaki. Hatukutumia dawa yoyote ya klorini kabla wala baada, kwa sababu nayo huviharibu, na pia hupausha zulia. Jioni tulisuuza mara tatu kwa mashine ya kufyonza maji, mpaka maji yaliyorudi kwenye tangi yakawa angavu, kisha tukaweka feni ielekee chini ya zulia lililoinuliwa kwa vipande vya mbao.

Siku ya pili ilikuwa ya dashibodi. Dawa ilinyunyizwa kwenye kitambaa cha mikrofaiba, si kwenye dashibodi, kwa sababu matone yanayoruka huingia kwenye matundu ya hewa, swichi na skrini. Kitambaa kikikunjwa mara mbili hutoa nyuso nane safi, na kila uso ulitumika kwa eneo la kiganja kimoja kisha ukageuzwa. Mpito wa kwanza ulitoa uji wa kijivu uleule tuliouona kwenye jaribio. Wa pili ulitoa rangi ya majani makavu. Wa tatu ulifanya jambo la kukatisha tamaa: dashibodi ilipata mabaka, mahali pengine ikifa na mahali pengine iking'aa, na mwenye gari aliyepita kutazama aliuliza kama tumeiharibu. Mabaka hayo ndiyo dalili kwamba plastiki yenyewe imeanza kuonekana chini ya tabaka. Baada ya mpito wa nne dashibodi yote ilikuwa na weusi uliokufa, wa sawia, na kidole kiliteleza juu yake bila kunata.

Vioo vya geji ni plastiki ya akriliki au polikaboneti, na hukwaruzwa hata na vumbi linalosukumwa na kitambaa safi. Vilipulizwa kwanza kwa hewa, kisha vikapanguswa kwa kitambaa kilichotiwa maji yaliyochujwa chumvi, bila mkandamizo. Skrini ilitendewa vivyo hivyo. Dawa za vioo zenye amonia hazikukaribishwa huko, kwani huweza kuvifanya vioo vya plastiki kupata nyufa nyembamba na kuondoa utando unaozuia mng'ao wa skrini. Dari ilipigwa brashi laini kavu tu, kwa sababu kitambaa chake kimegandishwa kwa gundi juu ya sponji nyembamba, na maji mengi huiachisha gundi hiyo.

Kioo cha mbele kilifutwa kwa vitambaa viwili, kimoja cha kuondoa na kimoja cha kukausha, ndani kwa mwelekeo wa ulalo na nje kwa mwelekeo wa wima, ili mchirizi ukibaki tujue uko upande gani.

Kisha tukafika kwenye ngozi. Tulikuwa na dawa ya ngozi yenye ukali mdogo wa tindikali, na pia dawa ya kuondoa mafuta, ya alkali, ambayo hufanya kazi haraka zaidi. Tulijaribu ya alkali kwenye mgongo wa kiti cha dereva, chini, mahali pasipoonekana. Kitambaa kilirudi na uchafu hafifu, ngozi haikubadilika, tukaridhika. Tukahamia kwenye ule ukingo uliogeuka kijivu, tukapaka dawa hiyohiyo kwa brashi ya nailoni, tukasugua kwa sekunde kumi hivi. Povu lilikuwa la kijivu, kisha la hudhurungi, kisha likawa jeupe lenye rangi ya maziwa. Kwa sekunde moja lilionekana kama ushindi. Aliyeshika brashi aliinua mkono, akafuta povu, na pale pakaonekana duara la ukubwa wa sarafu ambalo rangi ilikuwa imetoka na vinyweleo vya ngozi mbichi ya kijivu-bluu vimebaki wazi. Rangi ya maziwa iliyokuwa kwenye povu ilikuwa rangi ya kiti.

Tulisimama hapo, tukamwita mwenye gari na kumwonyesha kabla ya kufanya lolote lingine. Baada ya hapo ngozi yote iliyobaki ilisafishwa kwa ile dawa ya kwanza iliyopigwa povu kwenye sponji, povu pekee bila maji yake, kwa brashi laini ya nywele za farasi, na kukaushwa mara moja kwa taulo. Kijivu kilitoka. Kilihitaji mizunguko mitatu badala ya mmoja, na hilo lilichukua saa mbili zaidi. Duara lile lilisuguliwa kwa msasa laini kabisa, likapakwa rangi ya ngozi ya maji iliyochanganywa hadi ikafanana, kwa tabaka tano nyembamba zilizokaushwa moja baada ya nyingine, kisha likafunikwa kwa utando usiong'aa. Gharama yake hatukumtoza.

Jambo dogo ambalo tungependa lisipite: mkanda wa dereva ulikuwa ukirudi polepole, na mwenyewe alidhani springi imechoka. Tulipouvuta wote mpaka mwisho na kuubana kwa kibanio ili usirudi, sehemu ya katikati ilikuwa nyeusi kwa jasho na polishi. Ulioshwa kwa maji na sabuni laini, bila klorini wala kiyeyusho, kwa kuwa vitu hivyo hudhoofisha nyuzi zinazopaswa kubeba uzito wa mtu katika ajali. Uliachwa umening'inia nje mpaka ukauke kabisa, na ulipoachiwa ulirudi mara moja.

Siku ya tatu asubuhi felti ilikuwa kavu mkononi, harufu haikuwapo, tukarudisha zulia na kiti. Siku mbili baadaye mwenye gari alipiga simu. Harufu ilikuwa imerudi, si kali kama ya mwanzo, lakini ni ileile.

## Matokeo

Gari lilirudi. Felti, ambayo juu na chini ilikuwa kavu, ilikuwa bado na unyevu katikati ya unene wake, karibu na uti wa kati wa sakafu ambako feni haikufika. Tulirudia vimeng'enya kwa eneo hilo tu, tukasuuza, tukakausha kwa siku mbili kamili, na mara hii hatukutegemea kiganja: tuliweka karatasi nyeupe ya kufyonza juu ya felti, tukaikandamiza kwa uzito wa mtu mmoja kwa dakika moja, tukaitazama. Mara mbili ilitoka na kivuli cha unyevu. Mara ya tatu ilitoka kavu. Harufu haikurudi tena, wala kwenye ukaguzi wa wiki ya sita, wala wa mwezi wa sita.

Taswira ya dashibodi kwenye kioo ilipungua hadi kivuli hafifu, ambacho kila dashibodi huwa nacho. Utando wa kioo ulikuwa mwembamba baada ya wiki sita, hali awali ulirudi kwa siku chache. Ufa wa sentimita nne ulibaki ufa wa sentimita nne. Hakuna dawa inayoziba plastiki iliyopasuka, na tulimwambia hivyo siku ya kwanza ili asisubiri muujiza.

Usukani haukurudi ulivyokuwa. Uchafu ulitoka, kunata kuliisha, lakini sehemu ya juu iliendelea kung'aa kidogo kwa sababu pale utando wa ngozi ulikuwa umeshasagika. Ngozi mpya ya gari haing'ai, hivyo mng'ao kwenye usukani ni ama mafuta ya mikono ama utando uliokwisha, na wa huyu ulikuwa mchanganyiko wa vyote viwili.

Kinga ilipakwa mwishoni kabisa: dawa ya maji isiyong'aa, tabaka moja jembamba, kwa sponji, kwenye dashibodi na milango pekee. Usukani, kitasa cha gia, pedali na mikanda haikupakwa kitu, kwani popote panaposhikwa au kukanyagwa utelezi ni hatari. Raba za milango zilioshwa na kupakwa silikoni safi isiyo na mafuta ya petroli, kwa sababu raba za EPDM, aina ya raba ya viwandani itumikayo milangoni, huvimba na kulegea zinapokutana na mafuta hayo. Silikoni iliyotuharibia dashibodi ndiyo dawa ya raba. Tofauti iko katika mahali inapowekwa na wingi wake.

## Uchambuzi

Tukianza na lililofaulu, jambo lenye thamani kubwa kuliko yote lilikuwa ile asubuhi ya kutogusa dawa. Mipito miwili ya kitambaa, mmoja wa maji na mmoja wa sabuni, ilitosha kubadilisha kazi kutoka kusafisha vumbi kuwa kuondoa tabaka, na kazi hizo mbili hazina dawa moja wala muda mmoja. Kama tungeamini macho, ambayo yaliona vumbi, tungepangusa, tungepaka, na siku ya tatu vumbi lingerudi kwake kama kawaida.

Inafaa pia kuitendea haki polishi. Silikoni yenyewe haijulikani kwa kuipasua plastiki. Ni kitu kisichochanganyika kwa urahisi na vingine. Ubaya wake hapa ulikuwa wa namna tatu: ilinasa vumbi, ilirudisha mwanga kwenye kioo, na ilimpa mwenye gari picha ya usafi iliyomzuia kuondoa uchafu halisi. Ufa ulitokana zaidi na joto. Kwenye nyuzi 74, vilainisho vya plastiki huvukizwa kidogo kidogo, hupanda, na hugandia kwenye kioo kilicho baridi kuliko dashibodi. Sehemu ya utando ule wa mafuta aliokuwa akiufuta kila wiki ilikuwa ulaini wa dashibodi yake unaohama. Wengi hununua kinga kwa ajili ya mionzi ya urujuanimno, na si vibaya, lakini kioo cha mbele cha magari hutengenezwa kwa vioo viwili vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ambao huzuia karibu mionzi hiyo yote. Vioo vya pembeni ndivyo hupitisha zaidi. Kwa dashibodi ya gari hili, kizuizi cha jua kinachowekwa nyuma ya kioo kina kazi kubwa kuliko chupa yoyote, kwa kuwa hupunguza joto lenyewe.

Kosa la ngozi ndilo tunalolirudia sana tunapofundisha, kwa sababu halikutokana na kuruka hatua. Jaribio lilifanyika. Lilifanyika mahali pasipoonekana, kama kila mwongozo unavyoagiza, na kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba mahali pasipoonekana ni mahali pasipoguswa, na utando wa pale ulikuwa mzima kama ulivyotoka kiwandani. Ukingo wa kiti ulikuwa umesuguliwa na suruali mara kadhaa kila siku kwa miaka saba, jasho na mafuta yameulainisha, na kilichobaki hakikuwa na nguvu ya kustahimili alkali na nailoni. Tulipima ngozi nyingine kabisa iliyokuwa kwenye kiti hichohicho. Vivyo hivyo na tone la maji: tuliliweka kwenye kiti cha nyuma, ambako hakuna aliyekuwa na shaka. Kama tungeliweka ukingoni, baada ya kupangusa polishi, lingeingia na kuacha alama nyeusi, nasi tungejua. Tangu kisa hiki majaribio yetu ni mawili: moja mafichoni, kujua kama dawa inafaa kwa aina ile ya ngozi, na lingine, kwa kiwango hafifu kabisa na ncha ya kitambaa cheupe, penye uchakavu mkubwa zaidi. Kitambaa kikirudi na rangi ya kiti badala ya rangi ya uchafu, kazi husimama.

Kosa la felti lina mzizi unaofanana. Tulipima ukavu juu kwa kiganja, ilhali unyevu ulikuwa ndani. Kiganja pia hudanganywa na baridi na joto: felti iliyopulizwa na feni ya hewa ya joto huonekana kavu kwa kuwa ina joto. Karatasi yenye uzito juu yake haihisi joto, hunywa maji kama yapo.

Kuhusu uamuzi wa kukitoa kiti, tumejiuliza kama ulikuwa wa lazima, kwani uliongeza saa mbili na hatari ya nyaya. Tunaamini ulikuwa sahihi kwa maziwa, ambayo husambaa chini ya reli za kiti na hayafikiwi kwa bomba la mashine. Kwa maji matupu, au kwa kinywaji kilichokauka juu ya zulia, tusingekitoa.

Utaratibu aliopewa mwenye gari ulikuwa mfupi kuliko aliokuwa nao. Kila juma hufyonza vumbi na kupangusa kwa kitambaa cha mikrofaiba kilicholoweshwa maji na kukamuliwa, kisichofuliwa pamoja na dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba nyuzi zake. Ukingo wa kiti cha dereva na usukani hupanguswa kwa povu la dawa ya ngozi mara moja kwa mwezi. Dashibodi hupata kinga upya kila baada ya miezi mitatu hivi, baada ya kuoshwa tabaka la zamani. Mikono ikitakaswa kwa spiriti, husubiri ikauke kabla ya kushika usukani.

Kwenye ukaguzi wa mwezi wa sita, ukingo wa kiti ulikuwa na kivuli cha bluu, rangi ya jinzi iliyoachwa na suruali mpya. Kilitoka kwa povu la mzunguko mmoja, na kitambaa kilirudi na bluu tupu, bila chembe ya rangi ya maziwa.